Gunia Juu ya Umande

Jumanne, tarehe 3 Februari. Upepo tangu alfajiri. Mawingu yametoka upande wa Kondoa, yakapita juu ya mtaa wetu wa Miyuji bila kudondosha hata tone. Mahindi ya jirani yamekunja majani. Vumbi limeingia mpaka kwenye kabati la vyombo.

Naanza hivi kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kuandika: tarehe, hali ya hewa, halafu kazi. Aliyenifundisha ni mzee Chilewa, msimamizi wa uwanja wa gofu hapa Dodoma, Mgogo mrefu mwenye sauti ndogo. Siku ya pili ya kazi alinipa daftari, akasema, "Binti, andika mvua, na andika ulichoharibu. Ulichofanya vizuri kitaonekana chenyewe." Nimeandika tangu siku hiyo. Madaftari yako chini ya kitanda. Mengine yameliwa na mchwa, na mchwa hawakuchagua siku mbaya wala nzuri.

Ninyi vijana mnaotunza viwanja vya mpira na bustani za maofisi, mliokuja Jumapili mkaniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa, msinitegemee sana. Niliishia darasa la nne. Vitu nakumbuka kwa mikono kuliko kwa kichwa. Pale ambapo daftari linasema, nitawaambia linasema. Pale ambapo ni mimi tu, nitawaambia ni mimi tu. Na katika yote niliyofanya miaka ile, liko jambo moja ambalo ndilo hasa nataka mlijue, nalo si zuri. Mnivumilie nikichelewa kulifikia. Kuchelewa ndiyo kasoro yangu.

Gofu, kwa asiyeijua, ni kupiga mpira mdogo mweupe kwa fimbo mpaka uingie shimoni. Mashimo ni kumi na nane, na aliyetumia mapigo machache ndiye mshindi. Kwenye miji yenye mvua, pale penye shimo pana majani yaliyokatwa mafupi kama zulia. Sisi hatukuwa na majani. Tulikuwa na ardhi nyekundu, migunga, na mahali pa shimo tulitengeneza duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari. Tuliliita brauni. Yalikuwa tisa, na wachezaji walizunguka mara mbili.

Kutengeneza brauni si mchezo. Mchanga wa korongo unachekechwa mara mbili. Oili inamiminwa kidogo kidogo huku mwenzako anageuza kwa koleo. Ikizidi, mpira unalala. Ikipungua, upepo wa Agosti unahamisha duara lote kuelekea kwa watu. Kipimo ni kiganja: kamata mchanga, finya, fungua. Ukibaki umeshikana na mkono haukubaki mweusi, umepatia. Mimi ilinichukua miezi minane kupatia, na hata baada ya hapo nilikosea mara kadhaa ambazo mzee Chilewa alizinyamazia. Sikumshukuru, nilidhani hakuona.

Halafu kuna gunia. Mchezaji akifika kwenye brauni, nyayo zimejaa kila mahali, mpira hauwezi kwenda sawa. Kwa hiyo mhudumu anachukua gunia la katani lenye kipande cha bomba kwenye pindo, analivuta kwa kamba kutoka kwenye mpira moja kwa moja hadi shimoni. Hiyo ndiyo njia. Mpira unaipita kama maji kwenye mfereji. Usipovuta, umemnyima mchezaji haki yake. Kwetu ilikuwa hivyo, na niliivuta njia hiyo labda mara elfu nyingi mpaka mkono ukawa unaifanya wenyewe, kama mama anavyomfunika mtoto kanga bila kufikiri.

Miaka ya ruksa ilipoingia, biashara ikaachiwa huru, maduka ya mtaa wa Majengo yakajaa vitu, na magunia ya plastiki yakaja. Mapya, mepesi, yanang'aa. Kila mtu akayataka. Niliyajaribu wiki moja. Yanaacha mistari myembamba ambayo jicho halioni ila mpira unaiona. Nikarudi kwenye katani langu kuukuu. Wenzangu wakaniita Bi Katani, na sikukasirika.

Mchezaji mmoja, Mama Megani, ndiye aliyenifanya nijulikane, kama naweza kusema nilijulikana. Jina lake liliandikwa bila hiyo i ya mwisho, lakini sisi tuliitia. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, mfupi, mkavu, shingo nyekundu kwa jua. Mumewe alichimba visima vijijini, tukamwita Bwana Visima. Walikaa kwanza Mpwapwa, ndiko alikojifunza Kiswahili, kwa hiyo alikisema kwa lafudhi ya Kigogo kabisa. Ukifumba macho ungedhani ni mama wa Kibakwe anauliza bei ya karanga. Tulimwita Mwingereza mara moja tu.

"Mimi si Mwingereza," alisema. "Nimetoka Wales. Mzee Chilewa, wewe nikikuita Mhehe utafurahi?"

Mzee Chilewa akasema, "Mama, tumeelewa wote."

Mara ya kwanza nilipomvutia gunia nilikuwa na haraka, nikalipinda kidogo. Mpira ukafuata alama yangu, ukapita pembeni ya shimo kwa kiganja kizima. Akanitazama.

"Wewe nani?"

"Hadija, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hadija, mimi nilikuwa naenda shimoni. Wewe umenivutia njia ya kwenda Majengo."

Waliokuwepo walicheka. Lakini wiki iliyofuata alisema hataki mwanamume yeyote wa kumbebea mfuko wa fimbo, anamtaka huyo aliyempeleka Majengo. Wabeba mifuko wote walikuwa wanaume na hawakupenda. Nisiwaseme vibaya: walikuwa na familia, na mimi nilichukua nafasi ya mmoja wao. Mzee Chilewa alinisomea sheria moja tu siku ile, nayo ndiyo sheria ya jambo hili lote. Alisema, "Ukibeba mfuko wa mtu, wewe ni yeye. Ukikosea, anaandikiwa yeye."

Sasa mjue alikuwa nani. Alikuwa mchezaji wa ridhaa, maana yake hakupokea chochote kwa kucheza. Kwao alianza akiwa na miaka kumi na miwili, kwenye uwanja wa pwani ambao alisema kondoo walikuwa wanalala kwenye mashimo ya mchanga, yale yanayochimbwa kumtega mchezaji. Alichezea nchi yake akiwa amevaa sweta ya sufu inayowasha. Mara tatu alifika fainali ya wanawake wa nchi nzima, mara tatu akashindwa. Alipewa visahani vya fedha vya mshindi wa pili. Nilivikuta nyumbani kwake jikoni, paka wawili wanakulia.

"Na cha tatu, mama?"

"Kinangoja paka wa tatu."

Alivyosema alicheka, lakini nilikaa naye miaka saba na ninajua alivyokuwa akicheka kitu kinachomchekesha. Si hivyo.

Palikuwa na mfanyabiashara wa Majengo aliyeinuka kwa kuleta vitenge na betri. Akataka gofu kwa sababu wakubwa walicheza. Akamwomba Mama Megani amfundishe, atamlipa. Mama akamfundisha bure, kila Alhamisi, mwaka mzima. Yule bwana akaona aibu, akatuma kreti mbili za soda. Mama akazirudisha.

"Mama yako ana kiburi," yule bwana aliniambia. "Soda tu."

"Akipokea, si wa ridhaa tena."

"Soda, Hadija. Nani atajua?"

Nami nilimwona mama ni mjinga, nakiri. Mwanangu alikuwa na kiu ya soda kama watoto wote. Na huyu bwana, msimdhanie vibaya, ndiye aliyetoa gari lake kumpeleka mzee Chilewa hospitali mwaka ule shirika lililotulipa mishahara lilipopunguza watu, mzee akaanguka siku ya tatu baada ya kupewa barua. Hakuamka. Nilibaki mimi na mwenzangu mmoja kwa mabrauni yote tisa.

Swali lile la nani atajua nilikuwa nimeshaliona likijibiwa. Siku moja mpira wa mama ulikuwa kwenye kichaka, sisi wawili tu, wenzake mbali. Alipousogelea, ukabiringika kidogo, upana wa ukucha. Akajiongezea pigo. Alipowaambia wenzake, mmoja akasema kwa Kiswahili ili nisikie, "Huyu anajishitaki mwenyewe." Mama akaendelea kutembea. Nilimwuliza baadaye kwa nini.

"Katika mchezo huu hakuna refa anayekufuata," alisema. "Ningekuwa nacheza na nani, kama nisingesema?"

Mwaka wa sita niliona jambo. Alianza kuniuliza bendera iko wapi, mchana kweupe, bendera nyekundu. Kikombe cha chai alikiweka hewani pembeni ya meza. Mpira ukiwa miguuni aliuona, ila kitu cha pembeni au cha mbali kilikuwa kinampotea. Sikusema. Nikaanza kumtajia mwenyewe: bendera kushoto, mama, hatua mia na thelathini, upepo unatoka nyuma. Akapiga nilikomwelekeza. Tulikwenda hivyo miezi miwili bila kulitaja. Siku moja tumekaa anapumzika, akatoa kichupa cha dawa ya matone.

"Ni presha ya macho," alisema. "Daktari kule kwetu alisema labda mwaka, labda miwili. Bwana hajui. Nawe hujui."

"Ndiyo, mama."

"Julai kuna mashindano Arusha, ya wanawake wa nchi nzima, siku tatu. Nataka kwenda mara moja, nione kama naweza kushinda kitu kabla sijawa mtu wa kushikwa mkono. Utakuwa macho yangu."

Hakuomba. Alisema tu hivyo: utakuwa macho yangu. Mimi wa darasa la nne.

Tulijiandaa kwa miezi mitatu. Nilipima kwa hatua kila kitu mpaka nikawa naota namba. Kuhusu majani ya Arusha, nakumbuka aliniambia kwamba kule hakuna mchanga wala kuvuta. Au nadhani nakumbuka. Inawezekana nimelitunga baadaye ili nijilaumu, na inawezekana halikusemwa kabisa. Nimetafuta kwenye daftari, halisemi. Linasema tu kwamba nilikunja gunia langu la katani nikaliweka chini kabisa ya mfuko. Mama aliliona tukiwa tunafungasha. "La nini?" "Limezoea kukaa humo." Akatikisa kichwa.

Arusha ilikuwa baridi, na majani yale, jamani, niliogopa kuyakanyaga. Siku mbili za kwanza tulianza saa sita mchana, yakiwa makavu. Nilimwelekeza, akapiga. Alicheza kwa namna ambayo sikuwahi kumwona, polepole, kama mtu anayehesabu vitu vya mwisho ndani ya nyumba kabla ya kuhama. Jioni ya siku ya pili alikuwa sawasawa na Bi Anna, mwalimu wa shule wa huko huko, kijana kuliko yeye kwa miaka ishirini. Kwa hiyo siku ya tatu walipangwa pamoja, na kwa kuwa kulikuwa na sherehe mchana, walianza saa moja na nusu asubuhi.

Daftari linasema: Umande mwingi.

Shimo la kwanza. Mpira wa mama ulitua vizuri, hatua tano kutoka shimoni. Bi Anna alikuwa ameangukia kwenye shimo la mchanga upande wa pili, yeye na mbeba mfuko wake, mzee mmoja jina lake Lema, tuliona vichwa tu. Mama alinipa mgongo, akainua uso akatia matone machoni, watu wasione. Nami nikatazama majani yale meupe kwa umande, na alama za ndege zimepita katikati, na mkono wangu ukafanya kazi yake. Nikatoa gunia, nikalivuta kutoka kwenye mpira hadi shimoni, nikalikunja nikalirudisha. Njia ikabaki ya kijani, safi. Nilijisikia vizuri. Nilijiona nimemhudumia.

Mama akageuka, akapiga. Mpira ukaingia. Mapigo manne.

Shimo la pili, la tatu na la nne yalikuwa juani, hayakuwa na umande. La tano lilikuwa chini ya miti. Nikaingiza mkono kwenye mfuko, gunia likatokeza. Mzee Lema akanisogelea, akasema taratibu, kwa wema kabisa:

"Dada, hilo la nini?"

"La kufuta njia."

"Hapa usithubutu. Ukigusa mstari wa mpira, hata umande, ni mapigo mawili. Anaandikiwa mama yako."

Nikalisukuma gunia chini ya mfuko.

Vijana, sikilizeni nilivyofikiri, maana nimepata miaka mingi ya kuchambua. Kwanza nilifikiri: hakuna aliyeona. Hilo lilipita haraka, sikulishika, naomba mniamini. Halafu nikafikiri: nitamwambia, ila si sasa, nikimwambia sasa mkono utatetemeka. Nitangoja aongoze kwa matatu, halafu nimwambie, yakitolewa mawili atabaki na moja na hakuna atakayeumia. Nikaanza kuhesabu. Shimo la tisa alikuwa anaongoza kwa moja. La kumi na mbili, kwa mawili. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Bendera kulia, mama, upepo hakuna." La kumi na tano Bi Anna akarudisha moja.

Kila shimo nililonyamaza lilifanya lijalo kuwa gumu zaidi. Hilo nalijua kwa mwili.

Tukafika la kumi na nane. Mbele ya bendera kuna mfereji mpana wa maji. Mwoga anapiga fupi, anasimama kabla ya mfereji, halafu anavuka kwa pigo dogo. Jasiri anavuka kwa mara moja, na akipatia anaokoa pigo zima. Mama alikuwa anavuka vitu kama hivyo, Dodoma alikuwa anavuka korongo la saba kila siku kwa furaha. Akasimama na fimbo mbili mkononi, uso ameuelekeza kwangu, si macho.

"Hadija, tuko wapi?"

"Tunaongoza kwa moja, mama."

"Una hakika?"

"Ndiyo."

"Basi hatuvuki." Akanirudishia fimbo ndefu.

Akapiga fupi. Bi Anna naye akapiga fupi. Wakamaliza shimo hilo kwa mapigo sawa. Watu wakapiga makofi, mtu akamshika mama mkono, Bwana Visima aliyekuwa amekuja na Landrova yake akavua kofia. Mama alikuwa anacheka kile kicheko cha kweli.

Sasa kuna meza. Mchezaji anakaa, anahakiki karatasi ya mapigo aliyoandikiwa na mwenzake, anatia sahihi. Akishatia sahihi kwenye hesabu ya uongo, amefukuzwa kwenye mashindano. Mama hakuweza kusoma zile tarakimu ndogo. Akanisogezea karatasi, akaishika kalamu tayari.

"Nisomee."

Nikaanza. "La kwanza." Kidole changu kilikuwa juu ya ile nne. Ilikuwa nne nzuri, mwandiko wa mwalimu. "La kwanza," nikasema tena.

"Nne," alisema mama. "Endelea."

"Siyo nne, mama. Ni sita."

"Nilipiga nne."

"Nilivuta gunia. Palikuwa na umande. Wewe ulikuwa unatia dawa."

Bi Anna alikuwa ng'ambo ya meza. Aliacha kuandika.

"Ulijua lini?" Mama aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anauliza saa.

"La tano."

Akageukia alikokuwa Bi Anna. "Mwalimu, shimo la kwanza niandikie sita."

"Lakini mimi sikuona kitu," Bi Anna alisema.

"Najua. Hata mimi sikuona."

"Mama, mimi siutaki ushindi wa hivi."

"Hukuulizwa, mwanangu. Andika."

Akaandika. Mama akatia sahihi mahali nilipomwekea kidole. Alishindwa kwa pigo moja. Wakampa kisahani.

Tulirudi siku iliyofuata na Landrova, kupitia Babati. Hakusema nami neno, na Bwana Visima hakuuliza. Karibu na Kondoa gurudumu likapasuka. Bwana akashuka na jeki yake, sisi tukakaa juu ya mawe kando ya barabara. Kijiji nilikozaliwa kilikuwa nyuma ya kilima kilichokuwa mbele yetu, niliona moshi wa watu wetu wanapika. Nilifikiri nishike njia niende, nisionekane tena. Ndipo mama akasema.

"Gunia si kitu. Ulifanya ulichozoea, na mimi nililiona kwenye mfuko nikaliacha. Hilo nusu ni langu."

Nilitazama ule moshi.

"Lakini nilikuuliza kwenye mfereji. Ulisema tunaongoza kwa moja. Tulikuwa tumeachwa kwa moja. Ningejua, ningevuka. Labda mpira ungeingia majini, ningeshindwa kwa manne, na ningekuwa nimecheza. Wewe umeniacha nisimame pale nikilinda kitu nisichokuwa nacho."

"Nilitaka kukuambia ukiwa mbele kwa matatu."

"Ndiyo. Ulitaka kuniambia siku ambayo isingekuwa na maana."

Bwana Visima akagonga gurudumu kwa mguu, akasema tupande.

Hakucheza tena. Watu walisema ni macho, na ni kweli kufikia Desemba alikuwa anashikwa mkono. Lakini kati ya Julai na Desemba kuna miezi, na hakuwahi kuniita. Huenda ni macho. Huenda ni mimi. Nimejaribu kuwa mwadilifu kwa pande zote mbili na sijapata jibu. Waliondoka mwezi wa pili. Siku aliyokuja uwanjani kuaga nilikuwa kwenye msiba Kondoa. Mwenzangu alisema mama alitembea mpaka brauni la kwanza, akainama, akafinya mchanga, akafungua kiganja akakinusa, akauliza, "Nani ametengeneza?" Wakamwambia ni mimi. Akapangusa mkono, akaondoka. Miaka minne baadaye Bwana Visima aliandika kwamba amefariki. Barua ilikuwa fupi.

Uwanja nao haukukaa. Walikuja watu na kamba na vigingi, wakagawa viwanja vya nyumba. Mabrauni yalichotwa kwa mikokoteni kujengea. Niliwaambia huo mchanga una oili, saruji haitashika. Bwana mmoja akacheka akajenga choo, ukuta ukamwagika mvua za kwanza, bahati nzuri hakuwemo mtu. Mimi nilimwambia siku ile ile alipokuwa anapakia, kabla punda hajaondoka, mbele ya watu, kwa sauti. Hakusikia, lakini nilimwambia.

Mnaniuliza niwafundishe kazi. Za mchanga hamzihitaji, ninyi mna majani na mashine. Ila mtakosea. Mtakata fupi mno, mtamwaga dawa isiyo yake, mtachora mstari wa goli umepinda. Nendeni mkaseme hapo hapo, mkiwa bado mnatetemeka, kabla hamjapanga maneno. Mimi nilisema, na watu walionisikia siku ile walinisifu kwa uaminifu, hata Bi Anna alinishika bega. Nimebeba sifa hiyo miaka yote na haijawahi kunikaa. Niliusema ukweli baada ya kuusubirisha mashimo kumi na matatu, na yeye ndiye aliyeyacheza.

Upepo umetulia saa hizi. Mawingu yamekwisha.

Jioni mkwe wangu Zaituni ametoka jikoni, mikono imelowa, kabla hatujanawa. "Mama, mlenda nimeutia magadi mara mbili. Umekuwa mchungu. Nimeharibu." Nimemwambia akae. Ugali wa uwele tumekula na maziwa ya mgando aliyotuletea jirani, na mlenda tumemwagia kuku, nao wameukataa.